Arobaini Imekwisha, Mkojo Bado Unatoka

Arobaini ikiisha, mzazi anarudishiwa kazi zake. Kanga aliyofungwa tumboni inafunguliwa, bibi aliyekuja kumkanda anakusanya vyake na kurudi kwake, mtoto anatolewa nje aonekane. Kuanzia siku hiyo mama anatazamiwa kuteka maji, kugombea daladala, kufungua genge lake, kusimama kwenye swala na wenzake. Mara nyingi ni hapo ndipo anapogundua jambo ambalo lilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila lilifichwa na pedi za damu ya uzazi na kule kukaa ndani. Akikohoa, mkojo unamtoka. Akipiga chafya, unamtoka. Akiinama kuinua ndoo, anasikia uvuguvugu mapajani.

Anamnong'oneza shangazi yake. Shangazi hana nia mbaya. Anajibu kile alichojibiwa yeye alipokuwa na umri huo. "Ndio uzazi huo, mwanangu. Kawaida."

Nataka tulitazame neno hilo, kawaida, kwa sababu linasema mambo mawili kwa pumzi moja, na moja tu ndilo la kweli. La kweli ni kwamba jambo hili linawapata wengi. Tafiti za nchi mbalimbali zinakaribiana: katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu hutokwa na mkojo bila kutaka. Mzazi anayelowa, basi, hajalaaniwa, hajazeeka kabla ya wakati wake, wala hakujifungua vibaya. Lisilo la kweli ni lile la pili, ambalo shangazi hakulitamka lakini limesikika: kwamba kwa kuwa linawapata wengi, halina tiba, au halihitaji tiba. Malaria ni ya kawaida bonde la Kilombero, na hakuna anayemwambia mwenye homa aizoee.

Neno hilo lina madhara yake. Aliyejibiwa "kawaida" harudi kuuliza mara ya pili. Anakata kanga kuukuu vipande, anaanza kuvaa nguo nyeusi, anakaa karibu na mlango harusini, na miaka inapita. Tena "mkojo unanitoka" si ugonjwa mmoja. Ni maneno mawili yanayobeba angalau shida nne, na dawa ya moja haiifai nyingine. Moja kati ya hizo nne, ikiambiwa "kawaida," inaweza kumharibia mwanamke maisha yake yote.

Kabla ya kuzitenganisha, tushuke kidogo tuone mahali penyewe palivyo.

Chini kabisa ya kiwiliwili, mifupa ya nyonga imeacha uwazi mkubwa, kama fremu ya kitanda ambayo haijatiwa kamba. Kinachouziba uwazi huo ni misuli. Imewambwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, vile vile kamba zinavyowambwa kwenye kitanda cha kienyeji. Watu wa tiba huiita sakafu ya nyonga. Kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo vyote vimelala juu yake, na njia tatu zinapenya katikati: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa.

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu. Ina msuli wake mdogo wa kuibana, lakini msuli huo haufanyi kazi peke yake. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, uulaze juu ya saruji, ukanyage: maji yanakatika. Uulaze huo huo juu ya tope, ukanyage kwa nguvu ile ile: unadidimia, na maji yanaendelea kupita. Ndivyo ilivyo mwilini. Mwanamke anapokohoa, shinikizo la tumbo linakigandamiza kibofu na wakati huo huo linaigandamiza njia ya mkojo. Sakafu ikiwa imara, njia hiyo inabanwa dhidi yake na kufungika. Sakafu ikilegea, inadidimia, na tone linapita. Mtaalamu wa Marekani, John DeLancey, ndiye aliyeueleza utaratibu huu kwa ufasaha mwaka 1994, baada ya kuuchunguza kwa makini mwili wa mwanamke, na maelezo yake ndiyo yanayofundishwa mpaka leo.

Sasa ongeza mimba. Kwa miezi 9 kamba za kitanda zimebeba mzigo unaoongezeka kila wiki, huku homoni za ujauzito zikilainisha nyama na kano ili mtoto apate njia. Kisha inakuja siku yenyewe. Watafiti wa Marekani waliopiga hesabu kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona kwamba sehemu ya ndani kabisa ya misuli hii hurefuka zaidi ya mara tatu kichwa cha mtoto kinapopita. Msuli wa mguu haustahimili kuvutwa hivyo. Huu unastahimili kwa wanawake wengi, na kwa wengine unachanika kidogo pale ulipojishikiza kwenye mfupa. Mishipa ya fahamu inayoupa msuli amri ya kubana nayo inavutwa na kubanwa, nayo hupona polepole, kwa wiki na miezi. Ndiyo sababu mzazi anaweza kujaribu kubana siku za mwanzo asisikie chochote, kana kwamba anaamrisha mkono uliokufa ganzi. Asikate tamaa. Ganzi hiyo kwa kawaida huondoka.

Mtoto mkubwa, kusukuma kwa saa nyingi, na kuvutwa kwa koleo vinaongeza uwezekano wa msuli kuumia. Kujifungua kwa upasuaji kunaupunguza, lakini hakuuondoi, maana mzigo wa miezi 9 ulibebwa vile vile. Nalitaja hili kwa sababu nawasikia wanawake waliopasuliwa wakiona haya maradufu: "Mimi hata sikusukuma, kwa nini nalowa?" Walibeba mimba. Inatosha.

Shida ya kwanza, basi, na iliyo ya wengi, ni hiyo ya kukohoa na kunyanyua. Mkojo hutoka kidogo, wakati tumbo linaposukuma, kisha hukatika. Kitanda kimelegea. Na kamba za kitanda zikilegea zinakazwa.

Mwaka 1948 daktari wa magonjwa ya wanawake huko Los Angeles, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya mazoezi ya kukaza misuli hii kwa wanawake waliolegea baada ya kuzaa, na hadi leo mazoezi hayo yanaitwa kwa jina lake. Lakini Pwani yetu wako wanawake waliofundishwa na somo zao namna ya kubana muda mrefu kabla hawajalisikia jina la Kegel. Walifundishwa kwa ajili ya chumbani, kama sehemu ya mambo ya unyago, na wengi walidhani hiyo ndiyo kazi yake pekee. Msuli ni ule ule. Mwanamke aliyewahi kufundishwa hivyo ana ujuzi mkononi tayari, na mama au somo anayemfundisha mwari angeweza kuongeza sentensi moja tu: na ukizaa, hivi hivi ndivyo utakavyouzuia mkojo.

Kwa ambaye hakufundishwa, njia rahisi ya kuupata msuli ni kujifanya unazuia ushuzi usikutoke mbele za watu, na hapo hapo unazuia mkojo. Utasikia kitu kinakaza na kupanda juu, ndani. Hicho ndicho. Makalio yakikaza, mapaja yakibanana, au pumzi ikikatika, umeukosa. Legeza uanze tena. Kosa kubwa zaidi ni kusukuma chini kama mtu anayejisaidia, na wanawake wengi wanafanya hivyo wakidhani wanabana. Mwenye mashaka anaweza kunawa mikono vizuri, akaingiza kidole ukeni na kubana: kama amepata, atasikia kidole kinakumbatiwa na kuvutwa juu. Kama kinasukumwa nje, anafanya kinyume.

Ukishaupata, bana, hesabu taratibu mpaka tatu huku unapumua, legeza kabisa, pumzika muda ule ule. Kulegeza ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayosahaulika. Rudia mara 8. Siku zinavyokwenda, ongeza hesabu mpaka 10. Kisha malizia kwa kubana na kuachia harakaharaka mara kadhaa, kwa sababu kikohozi hakikupi muda wa kuhesabu. Mwongozo wa Uingereza unaofuatwa na watu wa fiziotherapia unataka mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, kabla ya mtu kusema mazoezi hayajamfaa. Miezi mitatu. Wengi huacha wiki ya tatu, kwa kuwa hawajaona kitu, wakati msuli ndiyo kwanza umeanza kuamka. Unayenyonyesha unakaa chini mara nyingi kwa siku kuliko mtu yeyote nyumbani. Yafunge mazoezi na kunyonyesha. Mtoto akishika ziwa, wewe bana. Hakuna anayeona.

Ila usiyafanye kwa kukatiza mkojo katikati kila unapokwenda chooni. Ushauri huo bado unazunguka mitaani. Kufanya hivyo mara moja ili kuutambua msuli si neno, lakini ukilifanya mazoea unakifundisha kibofu kutomaliza kilicho ndani, na mkojo uliobaki ni makazi ya maambukizi.

Lipo jambo jingine dogo ambalo naona lina faida ya haraka kuliko mazoezi yote, nalo ni kubana kabla. Unasikia kikohozi kinakuja: bana kwanza, ndipo ukohoe. DeLancey na wenzake walilijaribu kwa wanawake 27 wenye umri mkubwa waliokuwa wakitokwa na mkojo, wakawafundisha hilo tu, na baada ya wiki moja mkojo uliotoka wakikohoa ulikuwa umepungua sana. Msuli haukuwa umepata nguvu mpya ndani ya wiki moja. Walichojifunza ni kuuwahisha.

Hapo ndipo ninapoifikiria ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na mama wa wiki ya saba anainama, anaikumbatia, anainyanyua kutoka ardhini mpaka kichwani. Kila anaponyanyua, shinikizo linaisukuma sakafu ya nyonga, na analirudia mara nne au tano kila asubuhi. Kumwambia asibebe maji ni maneno ya mtu mwenye bomba ndani ya nyumba. Lakini sehemu iliyo ngumu zaidi kwa sakafu ya nyonga ni kule kunyanyua, kuliko kutembea na mzigo ukishakaa sawa kichwani. Basi atwishwe. Mtu mwingine amsaidie kuitoa chini, naye abane na kutoa pumzi wakati inapopanda. Ajaze nusu, aende safari nyingi zaidi. Na mume mwenye mkokoteni au baiskeli na madumu, hii ndiyo miezi ya kuvitumia. Naona arobaini yetu ni hekima kubwa kwa sababu ilimpumzisha mwanamke mizigo. Kasoro yake ni kwamba inaishia ghafla, leo kitandani, kesho kisimani, na msuli hauna habari na kalenda.

Kuhusu kufungwa tumbo, siwezi kusema kuna ubaya kwenyewe. Wazazi wengi kunawapa utulivu wa mgongo. Ila tumbo likikazwa mpaka mtu hapumui vizuri, shinikizo lililobanwa juu litatafuta pa kwenda, na chini ndiko kulikolegea. Mkono mmoja uweze kupita kati ya kanga na tumbo.

Kufunga choo nako ni adui asiyetajwa. Mzazi anayesukuma kwa nguvu chooni kila siku anabomoa jioni alichojenga asubuhi. Mboga za majani, mapapai, maharage na maji ya kutosha vinasaidia. Na kikohozi kisichoisha kitibiwe, maana kila kukohoa ni nyundo.

Shida ya pili ina sura tofauti. Huyu hakohoi wala hanyanyui kitu. Yuko sawa kabisa, mara haja inamjia kama amri, na kabla hajafika mlango wa choo imeshamtoka. Sauti ya maji ya bomba inamwamsha. Kuingiza ufunguo kwenye kufuli la nyumba kunamwamsha. Kibofu chenyewe ni mfuko wa msuli, na kikijaa hubeba kama mililita 400 au 500, lakini cha huyu kinajikaza kikiwa bado kina kidogo. Kwanza apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo yanaleta hali hii hii, na wazazi huyapata kwa urahisi, hasa waliowekewa mpira wa mkojo wakati wa kujifungua. Akisikia mkojo unachoma, homa, au maumivu ya ubavuni nyuma, asingoje.

Ikiwa hakuna maambukizi, kibofu kinafundishwa kama mtoto anavyofundishwa. Haja inapokuja kabla ya wakati, asimame au akae atulie, abane mara kadhaa haraka, asubiri wimbi lipite, ndipo aende bila kukimbia. Aanze kwa kuchelewesha dakika 5, kisha 10, aendelee kwa wiki kadhaa mpaka afikishe pengo la saa 3 au 4. Na aache ile tabia ya kwenda chooni "kwa tahadhari" kila anapotaka kutoka nje. Naijua, ina mantiki yake, hasa kwa mtu anayepanda basi la kwenda mkoani. Lakini kibofu kinachomwagwa kila dakika 40 kinasahau kwamba kiliumbwa kubeba zaidi. Chai nzito na kahawa vinakichokoza, apunguze aone.

Asipunguze maji. Hili ndilo kosa nililoliona kwa wanawake wengi wenye akili timamu kabisa: wanaacha kunywa ili wasilowe. Mkojo unakuwa mzito, unakichokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, naye ananyonyesha. Wale ambao shida zote mbili zimewapata kwa pamoja, na si wachache, wafanye yote mawili: kukaza na kufundisha.

Shida ya tatu naipitia haraka, kwa sababu ni ya siku za mwanzo na ya wauguzi kuliko ya nyumbani. Baada ya uchungu mrefu au dawa ya ganzi, kibofu kinaweza kushindwa kujua kwamba kimejaa. Mama anakaa zaidi ya saa 6 bila kukojoa, au anatoa matone tu, na tumbo la chini limevimba. Kinachotoka ni kile kinachofurika. Huyu anahitaji mpira wa mkojo siku hiyo hiyo, kabla kibofu hakijavutwa kupita kiasi. Ndugu waliokaa naye wodini wamuulize, na wamwambie nesi.

Ya nne ni fistula, na hapa neno "kawaida" ni hatari.

Fistula ya uzazi ni tundu kati ya kibofu na uke, wakati mwingine kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa kawaida inatokana na uchungu uliokwama, siku nzima au mbili bila msaada wa upasuaji. Kichwa cha mtoto kinagandamiza nyama dhidi ya mfupa mpaka damu haipiti. Nyama hiyo inakufa, na siku chache baadaye inadondoka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Hivyo mama ana msiba, na juu ya msiba huo analowa. Dalili yake haifanani na hizo nyingine: mkojo hautoki kwa kikohozi wala kwa haja ya ghafla, unatoka tu. Usiku na mchana, amekaa au amelala. Wengine hawasikii tena haja ya kwenda chooni, kwa sababu kibofu hakijai kamwe. Inaweza kutokea pia baada ya kibofu kukatwa kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji.

Mazoezi ya kubana hayazibi tundu. Kumwambia mwanamke wa namna hii avumilie ni kumpotezea wakati, na wakati una thamani hapa. Tundu likigundulika mapema na likiwa dogo, mpira wa mkojo ukiachwa kwa wiki kadhaa ili kibofu kikae kitupu, baadhi hupona bila kisu. Wengine huhitaji upasuaji, na kwa daktari aliyefunzwa kazi hiyo wengi wanapona. Addis Ababa, Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula mwaka 1974, na madaktari wengi wa Afrika walijifunza hapo. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huko Msasani inatibu fistula bila malipo. Mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mawakala wake walioko vijijini, ili mgonjwa asishindwe kufika kwa kukosa pesa ya basi. Eldoret kuna hospitali ya Gynocare. Bukavu kuna Panzi ya daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 50,000 hadi 100,000 wanapata fistula kila mwaka duniani, na wengi wanakaa nayo miaka kwa sababu mtu wa kwanza waliyemweleza hakujua inatibika.

Baada ya tundu kuzibwa, wako wanaoendelea kutokwa kidogo wakikohoa. Huko ni kurudi kwenye shida ya kwanza, na mazoezi yanaanza. Mimba inayofuata ijulikane hospitalini mapema, maana kujifungua kwake mara nyingi kunapangwa kwa upasuaji.

Kwa wanawake wa Kiislamu iko dhiki moja ambayo siioni ikiandikwa. Katika nifasi mzazi haswali. Arobaini ikiisha ameoga josho, anasimama, anarukuu, na mkojo unampenya. Wengine wanatawadha mara tatu kwa swala moja. Wengine, kimyakimya, wanaacha kuswali na kubaki na mzigo wa kudhani hawafai tena. Mafakihi walilijua jambo hili tangu kale na wakalipa jina, salasu-l-bauli. Mtu ambaye mkojo haumkatiki hujisafisha, hujisitiri kwa kitambaa au pedi, hutia udhu wakati wa swala ukishaingia, kisha huswali, na swala yake inasihi hata tone likitoka. Anayetokwa mara mojamoja tu, akikohoa, hukumu yake ni tofauti na hutawadha upya. Nani yuko upande upi, amwulize mwanazuoni anayemwamini, au amtume mume amwulizie. Asiache kuswali kwa kukosa swali moja.

Na ngozi isisahauliwe. Pedi au kitambaa kinachokaa na mkojo kinaunguza. Kibadilishwe mara kwa mara, sehemu ioshwe kwa maji bila sabuni kali, ikaushwe kwa kuguswa taratibu, ipakwe mafuta ya mgando nje. Harufu ambayo wanawake wanaihofia kuliko kitu chochote hutokana zaidi na mkojo uliokaa kuliko mkojo wenyewe.

Ufaransa, mzazi huandikiwa vikao vya kukaza nyonga, aghalabu 10, kwa mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia, na bima ya taifa inavilipa. Kwetu mtaalamu huyo hukutwa zaidi hospitali kubwa. Sisemi tuige kila kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 wenyewe hautaki kila mzazi alazimishwe mazoezi haya. Unataka yule anayetokwa na mkojo kidogo aelezwe faida yake. Ushahidi unaonyesha kwamba kinga inafaa zaidi yakianzwa wakati wa ujauzito, mama akiwa bado mkavu, na kliniki ya wajawazito ipo karibu kila mahali. Kwa wale ambao miezi 3 ya mazoezi sahihi haikuwasaidia, ipo pete ya kuwekwa ukeni kushikilia kibofu, zipo dawa za kibofu kinachojikaza, upo upasuaji, ambao madaktari wengi hushauri ungoje mpaka mtu amemaliza kuzaa.

Lakini kinachoniuma ni kitu kidogo zaidi. Mtoto anapelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Anapimwa uzito, kadi inajazwa, mama anaulizwa kama mtoto ananyonya vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 na ule wa 2022 yote miwili inasema kwamba kila mzazi anapoonwa baada ya kujifungua aulizwe pia kuhusu mkojo wake: unatoka vizuri, unamtoka bila kutaka? Swali halihitaji mashine wala chumba cha peke yake; linahitaji mtu wa kuliuliza. Mara tatu mwanamke huyu amekaa kwenye benchi la kliniki, amelowa chini ya kanga yake, na mara tatu ameondoka.

Wasipomuuliza, aseme yeye. Siku tatu kabla ya kwenda aandike kwenye daftari, au amwambie binti yake amwandikie: alikojoa saa ngapi, mkojo ulimtoka saa ngapi, alikuwa anafanya nini. Karatasi hiyo itamwonyesha mhudumu ni shida ipi kati ya nne kuliko maelezo ya nusu saa. Kisha, mtoto akishachomwa sindano na kutulia begani, amgeukie aliyevaa sare na amwambie wazi: "Nesi, na mimi nina shida. Mkojo unanitoka. Unanitoka nikikohoa na nikijitwika ndoo, tangu nijifungue." Na akijibiwa kwamba ni kawaida, aitoe karatasi.